Kilichomchelewesha Emily Carr

Ipo imani iliyoenea sana kuhusu wasanii, nayo ni kwamba mateso ndiyo yanayowafanya wawe walivyo. Mshairi hana budi alie kwanza, mwimbaji hana budi afiwe, na mchoraji hana budi alale na njaa, asemwe na majirani na kuchanganyikiwa kidogo, ndipo mkono wake ufunguke. Kwa upande wa wachoraji wa mandhari wa karne ya ishirini, mfano mmoja unaotajwa mara kwa mara ni Emily Carr wa Kanada, aliyezaliwa mjini Victoria, katika pwani ya Pasifiki, tarehe 13 Desemba 1871, akafariki katika mji huohuo tarehe 2 Machi 1945. Maisha yake husimuliwa kama hadithi ya mwanamke aliyedharauliwa na watu wake, akaacha kuchora kwa takriban miaka kumi na minne, akaishi na mbwa na kima, kisha uzeeni akatoka msituni na picha ambazo hakuna aliyewahi kuona mfano wake. Msikilizaji huondoka akiamini kwamba dharau na upweke ndivyo vilivyozipika picha hizo. Mabibi na mabwana, ninaupinga usimulizi huo. Ninadai kwamba mateso hayakumpa Carr uchoraji wake bali yalimnyang'anya miaka yake ya nguvu. Kilichomrudisha kazini kilikuwa mambo ambayo hayana mvuto wowote wa kihadithi: wenzake wa kuzungumza nao kuhusu kazi, muda wa kuifanya, na karatasi ya bei nafuu.

Baba yake, Richard Carr, alikuwa mfanyabiashara Mwingereza aliyeiendesha nyumba yake kana kwamba bahari haikumtenga na Uingereza. Mama alifariki mwaka 1886, baba akafuata mwaka 1888, na Emily akabaki chini ya dada yake mkubwa, Edith, mwanamke mcha Mungu na mkali. Uzeeni Carr aliandika katika barua kwamba baba yake aliwahi kumweleza mambo ya uzazi kwa namna iliyomtia kinyaa na kuyaua mapenzi aliyokuwa nayo kwake. Waandishi wa maisha yake wamejenga mengi juu ya barua hiyo. Mimi sitajenga kitu juu yake, kwa sababu haitusaidii kuiona vizuri zaidi hata picha moja. La maana zaidi ni kwamba msichana huyu yatima aliwashawishi wasimamizi wa mirathi wamruhusu kwenda San Francisco kusomea sanaa, akakaa huko kuanzia 1890 hadi 1893, kisha akarudi Victoria kufundisha watoto kuchora mpaka akapata nauli ya kwenda London mwaka 1899.

Miaka ya Uingereza inatupa ushahidi wa kwanza, nao ni ushahidi ulio wazi. London ilimsonga kwa moshi na umati. Katika mji wa wavuvi wa St Ives, mwalimu wake Julius Olsson alitaka wanafunzi wasimame ufukweni wachore bahari kwenye jua kali, jambo lililomletea Carr maumivu ya kichwa. Mwalimu mwingine, Algernon Talmage, alimwacha apande kwenye msitu wa Tregenna nyuma ya mji, akamfundisha kwamba hata kivulini mna mwanga. Tayari hapo, akiwa na umri wa miaka thelathini hivi, Carr alijua mahali pake palipo: ndani ya miti, penye kijani kizito. Lakini mwaka 1903 afya yake ilivunjika, akalazwa katika sanatoria moja huko Suffolk kwa muda wa kama miezi kumi na minane. Madaktari waliuita ugonjwa wake histeria, wakamlaza, wakamlisha, wakamkataza kufanya kazi. Kama mateso ya moyo yangekuwa chemchemi ya sanaa, hapa ndipo tungetarajia maji mengi. Kilichotoka ni michoro midogo ya kuchekesha yenye mashairi ya utani, na makinda ya ndege aliyoyalea akitumaini kuyapeleka Kanada. Ilikuwa michoro ya mgonjwa anayejitahidi asikate tamaa, na hakuna mandhari hata moja ya kukumbukwa iliyozaliwa katika kitanda kile.

Mambo yalijirudia Ufaransa alikokwenda na dada yake Alice mwaka 1910. Paris ilimwangusha kitandani kama London ilivyofanya. Alipopona alimfuata mwalimu wake Harry Phelan Gibb mashambani, Crécy-en-Brie na kisha Brittany, na baadaye akajifunza rangi ya maji kwa Frances Hodgkins, mwanamke kutoka New Zealand aliyekuwa akifundisha Concarneau. Huko ndiko alikojifunza kuweka nyekundu ya moto kando ya kijani bila kuzichanganya, na kukichukua kivuli kama rangi yenye haki zake. Mwaka 1911 picha zake mbili zilitundikwa katika Salon d'Automne, maonyesho yaliyokuwa jukwaa la wachoraji wa kisasa wa Paris. Aliumwa mjini, akachora shambani. Anayedai kwamba ugonjwa ulikuwa mwalimu wake hana budi aeleze kwa nini kila mara kazi ilianza pale ugonjwa ulipokwisha.

Aliporudi Kanada alikuwa na mradi mkubwa. Tangu safari ya Alaska ya mwaka 1907 alikuwa amekusudia kuchora vijiji vya wenyeji wa pwani ile pamoja na nguzo zao za kuchonga, kabla nguzo hizo hazijaoza au kuchukuliwa na makumbusho. Nguzo hizi huchongwa kutoka mti mmoja wa mwerezi, na baadhi yake zinazidi urefu wa nyumba ya ghorofa tatu. Hueleza nasaba na haki za ukoo, na nyingine husimikwa kwa ajili ya marehemu, kama vigango vya Wamijikenda. Katika kiangazi cha mwaka 1912 Carr alizunguka kwa wiki kadhaa, Alert Bay, bonde la mto Skeena, visiwa vya Haida Gwaii, akichora mvuani. Aprili 1913 alikodi ukumbi uitwao Dominion Hall mjini Vancouver, akatundika kazi zipatazo mia mbili, akatoa na mhadhara kuhusu nguzo hizo. Alitaka serikali ya jimbo la British Columbia inunue mkusanyo wote. Mtaalamu aliyeombwa ushauri, Dakta Charles Newcombe, aliona kwamba rangi zilikuwa kali mno na kwamba picha hazikufuata kwa usahihi vitu vilivyochorwa. Jimbo halikununua.

Hapa ndipo hadithi iliyozoeleka huweka dharau, na hapa ndipo ningependa tuangalie kwa makini zaidi. Carr mwenyewe, katika vitabu alivyoandika uzeeni, alisema kwamba watu wa Vancouver walizicheka picha zake za Kifaransa. Watafiti waliosoma magazeti ya 1912 na 1913 wamekuta lawama, ni kweli, lakini wamekuta pia sifa nyingi. Tatizo halikuwa kicheko. Tatizo lilikuwa kwamba hapakuwa na taasisi yenye nafasi ya kitu alichokifanya. Makumbusho yalitaka kumbukumbu za kisayansi, na kwa kipimo hicho Newcombe hakukosea. Jumba la sanaa lingeweza kuzitaka kama picha, lakini Vancouver haikuwa na jumba la sanaa la umma hadi mwaka 1931. Kazi ya mwanamke huyu iliangukia katikati, pasipo mnunuzi. Msanii anaweza kuishi na watu wanaomcheka. Kuishi bila kipato ni jambo jingine.

Basi akafanya alichoweza. Kwenye sehemu ya ardhi aliyorithi mjini Victoria, katika Simcoe Street, alikopa fedha akajenga nyumba ya kupangisha, yenye studio yake ghorofani iliyo na dirisha kubwa. Mpango ulikuwa kwamba kodi ingelipa deni na kumpa nafasi ya kuchora. Mwaka uliofuata, 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka, kodi zikaporomoka, na mpango ukageuka kuwa kifungo. Kuanzia hapo, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili, Carr alikuwa msimamizi, mpishi, mfagizi na mchochea moto wa nyumba iliyojaa wapangaji. Alifuga mbwa wa kuchunga kondoo, akauza mamia ya watoto wao. Alichimba udongo kwenye majabali ya ufukweni, akaufinyanga, akauchoma katika tanuri alilolijenga uani kwa mkono wake, akauza vyombo hivyo kwa watalii vikiwa vimepakwa nakshi za wenyeji. Baadaye alijilaumu sana kwa kuzichukua nakshi zile na kuzifanya bidhaa ya dukani. Viti vya studio alivitundika darini kwa kamba ili apate nafasi ya kupita. Waandishi hupenda kukitaja kituko hiki cha viti. Mimi naona humo mwanamke anayepigania nafasi ya sakafu katika nyumba yake mwenyewe.

Kwa haki, inafaa kusema kwamba ukimya wa miaka ile umetiwa chumvi. Carr hakuiweka brashi chini kabisa. Zipo picha za bustani na za ufukwe alizochora miaka hiyo, na katikati ya miaka ya 1920 alipeleka kazi kwenye maonyesho ya Seattle, ambako pia alifahamiana na mchoraji Mark Tobey. Jambo hili linaidhoofisha hadithi ya mwanamke aliyevunjika moyo akazika kipaji chake, lakini hoja yangu linaipa nguvu zaidi. Nia haikufa. Zitazameni picha zile za bustani: mkono ni uleule, rangi za Ufaransa bado zipo, lakini hakuna hatua mpya inayopigwa. Ni kazi za mtu anayechora dakika zilizobaki baada ya siku kwisha. Miaka kati ya arobaini na hamsini na mitano ndiyo ambayo wachoraji wengi hukomaa. Carr aliitumia kubeba makaa.

Mwaka 1927 mwanaethnolojia Marius Barbeau, aliyekuwa amesikia habari zake alipokuwa akifanya utafiti pwani, alimtajia jina lake Eric Brown, mkurugenzi wa Jumba la Sanaa la Taifa la Kanada. Brown akaja mlangoni. Inasemekana Carr hakuwa anajua hata kama jumba hilo lipo. Mwishoni mwa mwaka huohuo picha zake ishirini na sita zilionyeshwa Ottawa, katika maonyesho ya sanaa ya pwani ya magharibi, ya wenyeji na ya kisasa, naye akapanda treni kuvuka bara zima kwenda kuyaona. Njiani, Toronto, alikutana na wachoraji wa Kundi la Saba, waliokuwa wameungana tangu 1920 ili kuichora ardhi ya kaskazini kwa macho yasiyoazimwa Ulaya. Mbele ya picha za Lawren Harris wa kundi hilo, milima na barafu iliyosafishwa mpaka kubaki umbo na mwanga, Carr alitikisika. Harris akamwambia kwamba yeye ni mmoja wao. Aliporudi Victoria alianza kuchora papo hapo, na kiangazi cha 1928 alikuwa tena kaskazini. Nyumba bado ilikuwa na wapangaji na deni halijaisha. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika: alikuwa na wa kumwandikia.

Barua kati ya Carr na Harris ndizo, kwa maoni yangu, ushahidi mzito kuliko wote. Wanaandikiana kuhusu umbo, kuhusu kina, kuhusu lini picha imekwisha. Mwaka 1929 Carr alichora kanisa dogo jeupe la Yuquot likiwa limezingirwa na ukuta wa majani, mkubwa na mzito kama jabali. Harris aliinunua picha hiyo akaitundika nyumbani kwake. Karibu na wakati huo akamshauri aziache nguzo kwa muda, kwa sababu nguzo tayari ni kazi ya sanaa ya mtu mwingine, atafute katika miti yenyewe kitu chenye uzito sawa na huo. Ulikuwa ushauri mgumu, kwa kuwa ulimtaka aliyeanza kuzichora nguzo zaidi ya miaka ishirini kabla asimame mikono mitupu. Tobey naye alikuja Victoria mwaka 1928 akafundisha ndani ya studio ya Carr, akimsukuma aone vitu kama maumbo mazito yanayosukumana, na si ngozi za rangi. Matokeo yanaonekana katika Big Raven ya mwaka 1931. Picha hii ya kunguru mkubwa wa kuchongwa, akiwa peke yake juu ya majani yanayojikunja kama mawimbi, inatokana na rangi ya maji aliyoichora Cumshewa mwaka 1912. Ile ya 1912 ni ya kupendeza: ndege, nyasi, mvua. Katika ya 1931 anga imechongwa, majani yamechongwa, na ndege amekuwa kiini cha nguvu yote inayozunguka.

Mtu ataniambia: tazama, miaka kumi na tisa kati ya picha hizo mbili ndiyo iliyofanya kazi, huzuni ilikuwa ikiiva. Nakubali kwamba kumbukumbu huiva. Lakini kila kilichoongezeka katika picha ya pili kina chanzo tunachoweza kukitaja. Uzito wa maumbo ulitoka kwa Tobey, mwanga unaoshuka kama nguzo ulitoka kwa Harris, na uthubutu wa kuacha nyasi na mvua ulitoka kwa mtu aliyekwisha kuambiwa na wenzake kwamba anaweza. Angeyapata hayo mwaka 1914 kama mnunuzi mmoja na mwandani mmoja wangekuwapo mwaka 1914. Huzuni inaweza kukaa moyoni mwa mtu maisha yake yote isimfundishe namna ya kugeuza tawi liwe wimbi.

Kisha inakuja karatasi. Turubai ilikuwa ghali, na rangi ya mafuta ni nzito kubeba na hukawia kukauka. Mnamo mwaka 1932 hivi Carr alianza kutumia karatasi za manila, zile za bei rahisi za kufungia vitu, pamoja na rangi za mafuta alizozizimua kwa petroli, akiongeza nyeupe ya kupakia kuta. Nasisitiza kwamba chanzo cha mbinu hii kilikuwa umaskini, na mpinzani wangu ataliona jambo hilo kuwa ushindi wake. Lakini tofautisheni umaskini na werevu wa fundi. Umaskini alikuwa nao tangu 1913 na haukuwa umemfundisha mbinu yoyote. Mbinu ilikuja alipokuwa na swali la kujibu, yaani namna ya kuchora msitu unaotembea. Rangi iliyozimuliwa kwa petroli huteleza kama maji na kukauka upesi. Karatasi haidai heshima, ukiiharibu unachukua nyingine. Sasa aliweza kuchora kwa bega badala ya kidole, akiuvuta mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Mwaka 1933 alinunua tela kuukuu la kulala ndani, akalipa jina la Tembo, akawa anakokotewa mpaka msituni pamoja na mbwa wake na kima wake Woo, akikaa huko wiki nzima nzima. Karatasi zile zimegeuka kahawia kwa kuwa hazikutengenezwa kudumu. Mistari iliyo juu yake bado ina kasi ya siku ilipochorwa.

Picha ambayo watetezi wa mateso huitegemea zaidi ni ile ya mwaka 1935 ambayo jina lake linazungumzia mti uliodharauliwa na wapasua mbao ukapendwa na mbingu. Mti mrefu, mwembamba, wenye kichala cha majani kileleni tu, umesimama peke yake palipokatwa msitu. Ni yeye mwenyewe, husema, mwanamke aliyekataliwa. Sikatai kwamba Carr alijiona humo. Jina alilolichagua linaelekea huko. Lakini itazameni picha yenyewe kabla ya kusoma jina. Shina linachukua sehemu ndogo sana ya uwanja, na karibu pote palipobaki ni anga, anga inayotoka kileleni kwa miduara ya mwanga, mmoja ukizaa mwingine, kila mmoja ukiwa pigo moja refu la mkono. Hakuna mahali mkono umesita. Hii ni furaha ya mtu anayeijua kazi yake. Na humo mna pia habari ya kweli ya msitu: wakataji waliuacha mti huu kwa sababu mbao zake hazikuwa na faida. Miaka iliyofuata Carr alichora mashimo ya kokoto na mabonde ya visiki, mada ambazo wachoraji wenzake walizipita. Aliandika kuhusu kile kibanzi kinachobaki kimechomoza katikati ya kisiki mti unapoanguka, akakisikia kama yowe la mwisho la mti. Maumivu hayo yapo. Lakini ni ya msitu, na alikwenda kuyatafuta kwa macho.

Nisieleweke kwamba ninamwona kuwa mtu asiyekuwa na mapambano ya ndani. Alikuwa nayo, na kubwa kuliko yote lilikuwa la imani. Harris alikuwa mfuasi wa Theosofia, akampa vitabu, akamwelekeza kwa Mungu asiye na nafsi, aliye sheria tupu ya ulimwengu. Kwa miaka kadhaa Carr alijaribu. Shajara zake zinaonyesha mwanamke anayebisha kwenye mlango ambao haufunguki, anayetaka kusali na hapati wa kumsalia. Mwaka 1934 akaiacha Theosofia, akamwandikia Harris kumweleza, akarudi kwa Kristo kwa njia yake mwenyewe. Pambano hili lilizaa picha, kwani ndilo lililoibadilisha misitu mizito na iliyofungika ya 1931 kuwa misitu inayopumua ya 1935. Hata hivyo halifanani na kulipa deni la nyumba, wala na kulazwa Suffolk. Alilichagua mwenyewe, alikuwa na mshirika wa kubishana naye, na kila hoja aliweza kuijaribu kwa brashi asubuhi iliyofuata. Tukiyachanganya mawili haya, mzigo unaomwangukia mtu na swali ambalo mtu analibeba kwa hiari, tutaishia kuwaombea wasanii wetu balaa kwa jina la kuwapenda.

Pingamizi jingine linasema kwamba upweke wake aliujenga mwenyewe, na sitalijibu kwa kirefu. Alikuwa mkali, mwepesi wa kukasirika na mgumu wa kusamehe. Wapangaji walilijua hilo na dada zake walilijua zaidi. Lakini sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu tabia hiyo inatoka kwenye vitabu alivyoviandika baada ya mshtuko wa moyo wa mwaka 1937 kumpunguzia nguvu za kwenda msituni. Cha kwanza, Klee Wyck, kilitoka 1941 kikapata tuzo ya Gavana Mkuu. Carr alikuwa msimulizi hodari, na msimulizi hodari hupenda mhusika wake awe na makali. Yule ajuza wa vitabuni asiyehitaji watu ni kazi ya mwanamke ambaye, mwaka uleule wa 1927 alipopewa watu, aliwang'ang'ania mpaka kufa.

Pingamizi zito zaidi halitoki kwa wapenzi wa hadithi za mateso. Linatoka kwa wenyeji wa pwani ile. Mwaka 1991 mwanazuoni Marcia Crosby, mwenye asili ya Wahaida na Watsimshian, alihoji mapenzi ya Carr na wenzake kwa "Mhindi" wa Amerika wa kufikirika, aliye karibu kutoweka, huku wenyeji walio hai wakipigania ardhi na haki zao. Hoja hiyo inaigusa moja kwa moja mada yetu. Tunapozungumzia huzuni iliyomo katika picha za nguzo, tunazungumzia huzuni ya nani? Vijiji kama Cumshewa, Tanu na Skedans vilikuwa vitupu kwa sababu ndui ya mwaka 1862 na magonjwa yaliyofuata yaliwamaliza watu wake, mpaka Wahaida waliobaki wakahesabiwa kwa mamia. Carr alikuta mahame. Kuyaita mahame hayo taswira ya roho yake ni kumnyang'anya mwenye msiba msiba wake. Carr mwenyewe nyakati nyingine aliona mbali kuliko waandishi wa wasifu wake. Katika Klee Wyck aliwashutumu wamisionari na shule zao za bweni kwa maneno makali, na toleo la shule la mwaka 1951 likayaondoa maneno hayo. Nyakati nyingine hakuona.

Alikuwa na rafiki, Sophie Frank, mwanamke wa Wasquamish aliyekuwa akifuma vikapu kwa mizizi ya mwerezi na kuviuza mlango kwa mlango mjini Vancouver. Urafiki wao ulidumu zaidi ya miaka thelathini. Sophie alizika karibu watoto wake wote. Kwa kipimo chochote aliteseka kuliko Carr, wala sijapata kuona mtu akiandika kwamba misiba ile ndiyo iliyompa ustadi wa kufuma. Kila mtu anaelewa kwamba ustadi ule ulitoka kwa mama na bibi, kwa mizizi iliyochimbwa na kupasuliwa kwa wakati wake, na kwa mikono iliyorudia kazi ileile tangu utotoni. Kwa nini basi tukifika kwa mchoraji wa rangi za mafuta aliyesoma Paris tunaacha akili hiyo nyumbani na kuanza kuzungumzia machozi?

Wachongaji wa nguzo alizozichora Carr walipata zuio lililo kubwa zaidi ya kukosa mnunuzi. Kuanzia 1885 hadi 1951 sheria ya Kanada ilikataza potlachi, sherehe ambayo kwayo nguzo ilisimikwa, kinyago kilichezwa na mchongaji alilipwa. Mwaka 1922 watu walifungwa gerezani kwa kuhudhuria potlachi katika kisiwa cha Village Island, na vinyago vilivyochukuliwa vilipelekwa Ottawa, mji uleule ambao miaka mitano baadaye ulimpokea Carr kwa maonyesho ya sanaa ya wenyeji na ya kisasa. Mungo Martin, mchongaji wa Wakwakwaka'wakw aliyekuwa mdogo kwa Carr, aliishi karibu maisha yake yote ya kazi chini ya sheria hiyo. Mwaka 1952 makumbusho ya jimbo la British Columbia, yaleyale ambayo mwaka 1913 hayakuzichukua picha za Carr, yalimwajiri kwa mshahara mjini Victoria, yakampa banda la kufanyia kazi na magogo ya mwerezi. Alikuwa amevuka miaka sabini. Mwaka 1953 alifungua nyumba aliyoijenga huko kwa potlachi ya kwanza ya hadharani tangu sheria iondolewe. Aliishi mpaka 1962, akichonga kila siku, na katika miaka hiyo alimfundisha kazi mkwewe Henry Hunt na mjukuu wake Tony Hunt.